Mpiga video wa harusi: sisi tulilipia sauti

Mchumba wangu alitaka video ya harusi, mimi sikuitaka. Mpiga picha alipita kwenye bajeti bila ubishi, lakini tulipofika kwenye mstari wa mpiga video kila mmoja akakaa upande wake. Hoja yangu ilikuwa kwamba watu hawaangalii video za harusi zao. Inapotoka wanaiangalia, wanaituma kwa ndugu, wanapokea pongezi, basi imekwisha. Picha hutundikwa ukutani na kila anayeingia anaiona. Video inabidi uitafute, uunganishe waya, uwaombe watu wakae. Na pesa yenyewe haikuwa ya kuchezea. Ingetufaa kwa mambo ya nyumbani baada ya wageni kuondoka.

Mwenzangu hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Ni video ya nani uliyoiangalia ukachoka?" Nikamtajia ya rafiki yangu mmoja. Tukaitafuta, tukaiangalia upya.

Ilikuwa ya dakika nne hivi, na ilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Gauni limening'inizwa dirishani, viatu, pete juu ya ua, ukumbi unaonekana kutoka angani, bibi harusi anageuka polepole. Wimbo mmoja unakwenda mwanzo hadi mwisho. Katikati yake baba wa bibi harusi anasimama na maiki. Mdomo unacheza, mkono ameuweka kifuani, nyuma yake mama mmoja anafuta macho kwa kiganja. Mwenzangu akasimamisha video papo hapo. "Alisema nini?" Nilikuwepo siku ile, nimekaa meza za mbele, na sikuweza kukumbuka hata sentensi moja. Video nayo haikuwa na jibu. Pale palikuwa na kiitikio cha wimbo.

Basi nikamwonyesha kitu cha upande wetu, kanda ya harusi ya shangazi yangu. Ilirekodiwa kwenye VHS, na binamu yangu aliwahi kuihamishia kwenye kompyuta deki ya nyumbani ikiwa bado inazunguka. Ni mbaya kwa kila kipimo. Rangi zimefifia, tarehe imeganda kwenye kona ya kioo, kamera imesimama mahali pamoja na kuna kichwa cha mtu kinachoziba robo ya picha. Lakini babu anazungumza humo mpaka anamaliza. Anarudia jambo lile lile mara kadhaa, anakatizwa na mtu anayejaribu spika, anakohoa, anamtania bwana harusi, anasahau jina la mkwe wake mwenyewe na ukumbi mzima unamsahihisha. Babu hayupo tena. Watoto waliozaliwa baada yake wanaijua hotuba ile na wanamwigiza mpaka kikohozi chake.

Kati ya hizo mbili, ile nzuri na ile mbovu, nilijua ningependa kubaki na ipi. Tangu hapo hatukubishana tena kama tunataka video au hatutaki. Tulianza kuulizana ni nani tunataka asikike, na kama kazi hiyo inahitaji mtu wa kulipwa.

Swali la pili halikuwa jepesi hata kidogo. Siku hizi kila mgeni ana simu inayochukua video safi. Ndugu yangu mmoja alishajitolea: "Niachie mimi, nitaweka simu kwenye stendi, utapata kila kitu." Mpiga picha naye alisema kamera yake inarekodi, angetuchukulia vipande viwili vitatu bila kuongeza bei. Kwa mtu ambaye tayari hataki kutoa hela, hayo ni maneno matamu.

Tulipokwenda ukumbini kupanga viti nilibeba simu mbili. Moja tuliisimamisha nyuma kabisa, mahali ambapo mtu mwenye adabu angesimama ili asiwazibe wageni. Nyingine niliiwasha irekodi sauti tu, nikaitia kwenye mfuko wa shati langu. Nikasimama mbele, nikapiga kofi moja, nikaanza kusoma maneno yoyote yaliyonijia, kwa sauti ya mtu anayetoa hotuba. Mle ndani kulikuwa na watu wawili wakipanga meza na kiyoyozi kikiunguruma. Yaani kimya kuliko kitakavyokuwa siku yenyewe.

Tulitoka nje tukasikiliza. Simu ya nyuma ilikuwa imemeza kila kitu isipokuwa maneno. Kiyoyozi kilisikika, miguu ya viti ikiburuzwa ilisikika, na mimi nilisikika kama mtu aliye ndani ya pipa. Kila niliponyamaza kuvuta pumzi, simu ilijipandishia sauti yenyewe na muungurumo ukafura; nilipoanza tena, ikajishusha. Simu hufanya hivyo zenyewe, na kwa mazungumzo ya karibu husaidia. Kwa ukumbi ni balaa. Nilipokuja kusoma zaidi nikaelewa kwa nini. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayotoka moja kwa moja kwa msemaji hupungua kwa takriban desibeli 6, lakini ile inayorudi kutoka ukutani na darini haipungui kwa kiasi hicho. Ukikaa nyuma unarekodi kuta. Isitoshe sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mita 20 nyuma inachelewa karibu sekunde 0.06, na video ya fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde kila fremu yake ni sekunde 0.04. Mdomo unaanza kuachana na maneno. Hilo mhariri analisawazisha kwa kuisogeza sauti, na lile kofi la mwanzo ndilo linalomwonyesha mahali pa kuanzia. Mwangwi haumwondokei.

Simu ya mfukoni ndiyo iliyonishangaza. Kila neno lilikuwemo, hata mate nikimeza. Kulikuwa na mkwaruzo wa kitambaa nilipogeuka, basi. Na ile simu haikunigharimu chochote.

Nilijikuta nimeshika hoja mbili zinazovutana. Kwanza, sauti ndiyo tuliyoitaka. Pili, sauti nzuri inaweza kupatikana kwa kifaa kidogo kilichowekwa karibu na mdomo, bila mtaalamu. Kama mambo yangekuwa ni hayo tu, tusingemlipa mtu.

Tulichozidiwa nacho ni usimamizi. Nani atahakikisha kifaa kinarekodi pale bwana harusi anapoitwa mbele? Nani atagundua kwamba nafasi imejaa? Video ya 4K, yaani ya ubora wa juu, kwenye simu inaweza kula kati ya GB 10 na 24 kwa saa kulingana na ulivyopanga, na simu ya mgeni tayari imejaa picha za watoto wake. Ikipigwa simu katikati ya viapo, kurekodi kunaweza kukatika. Na yule ndugu aliyejitolea ni ndugu: atataka kula, kucheza, kusalimiana na watu ambao hajawaona siku nyingi, na ni haki yake. Kumpa mtu mwaliko kisha ukamfunga nyuma ya stendi usiku kucha si vizuri.

Kuhusu mpiga picha, nilimshukuru na kumkatalia. Si kwamba simwamini. Akiwa anapiga picha hawezi kuwa anarekodi mfululizo, kwa sababu picha inataka asogee na video inataka atulie. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwa miaka mingi kamera nyingi za picha zilikuwa zinakata kurekodi sekunde chache kabla ya dakika 30, kwa sababu kanuni za ushuru za Umoja wa Ulaya ziliihesabu kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi kuwa ya video na kuitoza zaidi. Mpya nyingi hazina kikomo hicho, ila za zamani bado zinatumika kazini. Hotuba ya mjomba wangu haijawahi kuisha chini ya dakika 30.

Tukaanza kutafuta mpiga video.

Karibu wote walituma kitu kile kile: mkusanyiko wa dakika moja au mbili wa matukio bora kutoka harusi mbalimbali, na muziki juu. Sikuwalaumu, ndiyo biashara. Lakini ukiuangalia huo huwezi kujua kama mtu anajua kurekodi sauti, maana hakuna sauti. Nilichoomba mimi ni sherehe moja nzima, hotuba bila kukatwa, ikiwezekana ya ukumbi wenye giza. Nilisema sihitaji kubaki nayo, nitaiangalia hapo hapo mbele yake. Mmoja alijibu kwamba wateja wake hawapendi video ndefu. Huenda ni kweli. Mwingine alinieleza kuhusu droni mpaka nikamkumbusha kwamba shughuli yetu iko ndani. Droni kwa harusi mimi sikuitaka kabisa. Inapiga kelele pale pale unapotaka utulivu, na sehemu nyingi zina masharti yake. Chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya za kundi la wazi, yaani urushaji wa kawaida usiohitaji kibali cha awali, kwa mfano, hairuhusiwi kupita juu ya mkusanyiko wa watu wala kupanda zaidi ya mita 120.

Yule tuliyemchukua alikuwa kijana mpole ambaye kazi zake za kuonyesha hazikuwa za kung'aa kuliko za wengine. Nilipomwuliza kuhusu sauti alivuta begi, akatoa maiki ndogo ya kubana kwenye nguo na kinasa sauti kinachoenea kiganjani. Akaanza kunionyesha juu ya koti lake mwenyewe. Maiki inakaa upande wa ndani wa ukosi, chini kidogo ya fundo la tai, na waya anaupinda duara kisha anauzuia kwa utepe wa gundi, ili koti likivutwa kinachovutika kiwe ile duara na si maiki. Kinasa kinaingia mfuko wa ndani, vitufe vimefungwa visije vikabonyezwa. Cha pili anakichomeka kwenye miksa ya fundi wa sauti wa ukumbi, kinywe kila kinachopita kwenye maiki ya wasemaji. Na kamera zenyewe zinarekodi sauti yao pia, hata kama ni mbovu. Nikamwuliza kwa nini vyote vitatu. "Kimoja lazima kitaniangusha, kaka. Sijui tu ni kipi."

Nikampa alama zote.

Makubaliano tuliyaandika, na mengine yalihitaji kuulizwa mara mbili. Kamera zake zilikuwa na nafasi mbili za memori kadi na zinaandika kwenye zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kadi moja ikifa nyingine ipo. Alitaja nani angekuja badala yake akiugua. Malipo tuliyagawa, na sehemu ya mwisho ilingoja tupokee kazi. Tulimpunguzia saa: tuliona hakuna haja ya kutufuata tukivaa asubuhi wala kubaki mpaka muziki uzimwe. Aanze wageni wanapokaa, aondoke hotuba zikiisha. Hapo ndipo bei iliposhuka mpaka mimi na mwenzangu tukaacha kutazamana.

Jambo lililotuchukua muda ni tutakabidhiwa nini. Wao huahidi filamu fupi, na kwao hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sisi tulitaka viapo na hotuba zote nzima, zikiwa zimeunganishwa na sauti safi, bila madoido. Alidhani namtania. Nikamwambia filamu fupi atengeneze, mwenzangu ataipenda, lakini akiishiwa muda aanze na ile ndefu. Video ghafi zote nazo niliziomba. Wengine hukataa kuzitoa, na nawaelewa, maana zina kamera ikitikisika na mpigaji akilaani. Pia ni mzigo: kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inajaza GB 45 kwa saa, na kamera mbili kwa saa 6 ni GB 540. Alikubali kwa sharti kwamba diski nilete mimi.

Hakimiliki pia tuliigusa, ingawa nilijiona kama wakili. Ziko nchi ambako aliyerekodi ndiye mwenye haki mpaka mkataba useme vingine, na ziko nyingine, India mojawapo, ambako sheria humpa haki hiyo kwanza aliyelipia kazi, isipokuwa wamekubaliana tofauti. Kwetu la muhimu lilikuwa asiweke hadharani sura za wageni bila kutuuliza. Alikubali kuweka sekunde chache zenye mapambo na mikono tu.

Siku yenyewe sina mengi ya kusema juu yake. Nilimwona alipokuja kunibana ile maiki, akaniambia nikienda msalani nikumbuke kwamba inarekodi, kisha nikamsahau. Bibi harusi hakuwekewa. Gauni halikuwa na pa kushikia, na maiki ya bwana harusi ilimnasa vizuri kwa kuwa tulisimama tumekaribiana. Fundi wa ukumbi alitaka kukichomoa kile kinasa cha kwenye miksa katikati ya shughuli kwa sababu hakujua ni cha nani. Niliambiwa baadaye.

Kazi ilipotoka, filamu fupi iligonga mwamba mahali nisipopategemea. Wimbo uliotumika ulikuwa maarufu, na mwenzangu alipoipakia YouTube mfumo ukautambua mara moja. Kumbe kumlipa mpiga video hakukupi ruhusa ya wimbo wa mtu mwingine. Kuna haki za aliyeutunga na haki za rekodi yenyewe, na mwenye nazo anaweza kuamua video izuiwe au mapato ya matangazo yaende kwake. Ikabidi ihaririwe upya kwa muziki uliokatiwa leseni. Ukiwa bado hujasaini na mtu wako, mwulize muziki anautoa wapi.

Ile ndefu ndiyo niliyoifungua usiku nikiwa peke yangu. Haina mvuto wowote. Kuna dakika nzima ambapo mshereheshaji anamtafuta mtu ambaye ametoka nje. Lakini hotuba ya mama mkwe imo yote, pamoja na sehemu aliyomgeukia binti yake na kuishusha maiki mpaka kiunoni akimwambia jambo lisilotuhusu sisi wengine. Ukumbi haukusikia. Simu za wageni hazikusikia, nimeziangalia. Kinasa kilichokuwa kwenye koti langu kilisikia, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu yake. Tulimwuliza mama kama tulifute. Alicheka, akasema liacheni, wanangu, lakini msimpe mtu.

Nakala tunazo tatu, moja ikiwa haikai nyumbani kwetu. Kila diski mwisho wake hufa, na mashine za kusomea nazo hupotea: Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji mwaka 2016. Ile kanda ya shangazi ingebaki kabatini mpaka leo, babu angekuwa amekwisha mara ya pili.

Siku hizi ndugu wanaotaka kuoa huniuliza, na si wote ninaowaambia waajiri. Binamu yangu alikuwa na shughuli ndogo, ndugu wa karibu tu, hakuna ukumbi mkubwa wala spika. Wazee wake hawapendi kamera, na mmoja wao akiiona hugeuka jiwe. Nilimwambia aachane na mpiga video. Aliazima kinasa sauti, akakiweka mezani kati ya maua, akawaambia wote kwamba kipo, na ndani ya muda mfupi wakakisahau. Pesa aliyookoa alimwongezea mpiga picha saa. Kwake ilitosha kabisa. Kama kwenye shughuli yako hakuna atakayesimama kuzungumza, na mnachokitaka ni sura na mavazi, picha zinafanya kazi hiyo vizuri tu kwa gharama ndogo zaidi.

Mke wangu, kwa upande wake, hajakubali kwamba nilikuwa sahihi. Anasema watu wakimwomba kuona harusi yetu anawatumia ile fupi, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba ndefu, na droni ingependeza.